Mtu wa Kwenye Pakiti

Kwa Gona,
Jilore,
Malindi.

Jumapili, tarehe 9 Machi, 2025

Mpendwa wajina wangu Kabibi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa ili shikamoo yako isije ikawa sababu nyingine ya kukawia. Hali yako huko Nakuru? Maina hajambo? Na kitukuu changu Lynn, kifua chake kimetulia, au baridi ya huko ingali inamkaba? Msugue mafuta ya nazi kifuani na chini ya nyayo, kisha umvishe soksi. Usiniambie daktari wenu amesema nini. Sugua.

Mimi hawe wako, niliyemzaa baba yako, sijambo, kwa kiasi cha mwanamke wa umri wangu. Magoti yanauma nikiinama, macho yanaona mbali kuliko karibu, na meno yaliyobaki yanatosha kazi iliyobaki. Mvua bado. Shamba tumelima, tumeliacha wazi linatazama juu. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja akafa. Habari njema ndizo hizo. Sasa tafuta mahali ukae.

Naandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Herufi zikipanda mlima na kushuka, zifuate hivyo hivyo. Nilisoma gumbaru, darasa la watu wazima, kwa mwalimu Simeon pale kanisani, nikiwa tayari nina wajukuu, na sikukosa darasa isipokuwa ile siku tuliyomzika babu yako. Simu ninayo, lakini simu ina mambo mawili. Masikio yangu yamekuwa mazito, lazima niifungue sauti yote, na baba yako hukaa hapo hapo ubavuni mwangu akisikia kila kitu. La pili ni kwamba kila nikilitaja jina lake unaniambia mtandao mbaya, mara simu imekatika. Barua haikatiki, mama. Utaisoma mpaka mwisho.

Baba yako ana saratani ya koo. Nimelisema mara moja, sitalizungusha.

Iko pale pale sauti inapotokea. Ilianza mwaka jana, miembe ikitoa maua. Sauti ikamkauka kama ya mtu aliyekesha ngomani. Tukasema ni mafua. Akatafuna tangawizi, akasukutua maji ya chumvi, na Easter, mke wa ndugu yako Peterson, akamchemshia mwarobaini mpaka hata chai ya nyumba hii ikawa chungu. Sauti haikurudi. Ikafika siku ugali ukawa haupiti, anaumeza amefumba macho. Peterson akampeleka Malindi, na Malindi wakatutuma hospitali kubwa Mombasa. Walitaka mimi nibaki nyumbani. Nikawa ndani ya gari kabla yao.

Daktari ni mwanamke, Moraa jina lake, wa umri wako hivi, mikono baridi lakini maneno yake hayana mapambo. Nilimpenda kwa hilo. Alimtia baba yako kijimpira chenye taa puani, akatazama, akakitoa, akasema, "Mzee, mahali sauti inapotokea patatolewa pote. Utapumulia hapa." Akaweka kidole chini ya koo lake mwenyewe.

Baba yako akamnong'oneza, "Na nitasemea wapi?"

"Hutasema kama unavyosema sasa. Kuna njia nyingine watu hufunzwa, baadaye. Lakini sauti hii, hapana."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe bibi, hicho kilicho shavuni ni nini?"

"Tumbako. Hatujaja kwa ajili yangu."

"Iteme."

"Nitaitema nikifika kwangu." Namheshimu, lakini nilikuwa natafuna tumbako kabla mamake hajazaliwa.

Akatoa siku, mwanzo wa mwezi wa nne. Akasema tusimcheleweshe, kwa maana koo likiziba hakutakuwa tena na cha kukata. Mambo ya bima Peterson ameyamaliza. Kitanda kipo. Kilichokosekana ni mgonjwa. Baba yako alichukua kofia yake akatoka. Nami kwa mara ya kwanza tangu nimzae sikumlazimisha.

Sasa nikueleze lililotokea dukani kwa Nyokabi, kwa sababu ndilo linalotuua.

Wewe huvuti na Maina havuti, labda hujazitazama vizuri pakiti za sigara za siku hizi. Zina picha. Moja ina mapafu meusi. Moja ina mama mjamzito. Moja ina mdomo uliooza, usiitazame kabla ya kula. Na moja ina mtu mwenye tundu shingoni. Waliziweka ili watu waogope, waache. Hapa kwetu zikawa mchezo. Nyokabi huuza sigara moja moja. Pakiti inabaki kwake kwenye kaunta, na kiberiti cha gesi kimening'inia mlangoni kwa uzi. Mtu anapewa sigara yake, anawashia hapo, anakwenda zake. Onyo lote linabaki na Nyokabi, ambaye hajavuta hata siku moja maishani mwake.

Na mwenye kununua pakiti nzima alikuwa anachagua picha. Aliyeuanzisha mchezo huo ni baba yako. Akipata wageni wazuri wa kutembeza Dabaso alikuwa anaingia dukani kifua mbele: "Nyokabi, nipe ya mimba! Hiyo haiwezi kunipata." Benchi zima linacheka. Nyokabi naye, mtu wa Nyeri lakini ulimi wake sasa ni wa huku, anamjibu, "Endelea tu, Mzee Menza. Utazaa mapacha na sitakuja kukusaidia." Ile ya shingo hakuna aliyeitaka. Nyokabi alikuwa akiisukuma nyuma ya majani ya chai, anawauzia wapita njia.

Siku hiyo tuliporudi kutoka Mombasa baba yako aliingia dukani, nami nyuma yake. Akainama kwenye kaunta akanong'ona, "Nipe ya shingo."

Nyokabi hakuwa anajua lolote. Akacheka, "Leo mimba imekuchosha?" Kisha akamtazama usoni, kicheko kikakatika. Akaenda nyuma ya majani ya chai akaitoa. Baba yako aliishika kwa mikono miwili. Hakuifungua. Akanionyesha ile picha, akaniambia, "Mama, wanataka kunifanya huyu."

Na hilo ndilo neno lake mpaka leo. Kufa hakatai, Kabibi. Anakataa kuwa mtu wa kwenye pakiti. Waliompiga picha yule mtu walitaka baba yako aogope sigara, naye miaka yote hakuiogopa. Sasa ameogopa kisu cha daktari. Anasema watoto wa shule watapita hapa barabarani wakimwonyesha kidole. Anasema wavutaji pale benchi wataambiwa, mnataka kuona picha? Nendeni kwa Gona mkamwone mwenyewe, amekaa nje. Anasema mtu akishawekwa kwenye pakiti ametukanwa mbele ya nchi nzima, na yeye hakuzaliwa atukanwe.

Nimemgombeza. Unanijua. Nimemgombeza asubuhi akinywa uji, nimemgombeza jua likiwa utosini. Nimemwita mwoga, nimemwita mtoto. Zamani ningemgombeza hivyo angenijibu mpaka majirani watoke nje kusikiliza. Sasa ananitazama tu. Kumgombeza mtu asiyeweza kujibu hakuna ladha, wallahi, kama kupiga nguo ambayo tayari ni safi.

Nikikaa peke yangu nawaza jinsi dunia ilivyomgeuka yule mwanangu. Alipopata kazi ya hoteli Watamu, bado kijana, alirudi Jilore na shati jeupe na pakiti katika mfuko wa shati, na kilichotazamwa na watu hakikuwa shati. Wazee walikuwa wamekaa, akapita akimpa kila mmoja sigara yake. Wengine wakaziweka nyuma ya sikio kwa ajili ya kesho. Babu yako, aliyelima tumbako yake mwenyewe nyuma ya zizi, aliivuta ile ya dukani akasema haina nguvu, lakini aliivuta mpaka ikamchoma kidole. Mimi mamake nilitembea kichwa juu mwezi mzima. Siku zile maneno ya onyo yalikuwa madogo, yamebanwa ubavuni mwa pakiti, kama yenyewe yanaona haya. Wazungu aliowapelekea chakula walivuta. Wakubwa wake walivuta. Hata yule daktari wa zahanati aliyekuja kuwadunga sindano alivutia dirishani.

Na sauti yake wakati ule! Baadaye, alipoanza kuwatembeza wageni katika mikoko kule Dabaso, kwenye lile daraja la mbao, aliwatajia Waitaliano kaa na ndege kwa lugha yao wenyewe, nao wakimfuata kama vifaranga. Akirudi nyumbani ulimsikia kabla hujamwona. Unakumbuka alivyokulaza kwa ile hadithi ya kaa aliyepoteza tundu lake? Ulitaka ahadithie kwa Kiitaliano. Hukuelewa neno, ulipenda tu inavyopanda na kushuka. Marehemu mama yako alikuwa anasema, huyu mtoto ataolewa Roma. Umeolewa Nakuru.

Halafu mambo yakabadilika na hakuna aliyemwita kumwambia. Wale wageni waliokuwa wakimpa sigara walianza kukunja pua akisimama karibu nao. Vibao vikawekwa. Maneno ya kwenye pakiti yakaongezeka unene. Zamani kwenye matanga tumbako ilipitishwa ndani ya ungo kabla ya chakula, na mfiwa asiye na tumbako alisemwa mpaka anatoa arubaini. Mwaka jana tulikuwa matangani hapo mtaa wa pili, kijana mmoja akashika kipaza sauti akatangaza kwamba wavutaji wote waende nyuma ya choo. Nyuma ya choo! Watu wakageuka kutazama nani atainuka. Akainuka baba yako. Alikwenda peke yake, na kiti chake mkononi.

Sisemi walikosea. Moshi ni moshi, na huyu mgonjwa ni ushahidi wa kutosha. Nasema tu, walimsifu kwa jambo moja mpaka akaota mvi, kisha wakamdharau kwa jambo lile lile, na katikati hapo hakuna aliyekaa naye chini akamwambia, Menza, sikiliza. Sote tulipata la kumwambia, lakini tulimwambia kwa kuziba pua.

Na hapo naja kwako.

Ulikuwa na haki. Nataka ulione neno hilo kwa mwandiko wangu. Ulikuwa na haki. Mtoto ana pumu, na babu yake amekuja kwenu Nakuru anavuta sebuleni. Ningekuwa mimi ningemmwagia maji, yeye na sigara yake. Lakini ningemmwagia, tukatukanana, tukala. Wewe ulisema kwa upole, kwa ile sauti yenu ya ofisini, "Baba, wavutaji hapa huvutia kule getini." Akashuka ngazi zote zile na kikoi chake kwenye baridi ya Nakuru, na mlinzi wenu akamcheka. Akapanda tena, akachukua mfuko wake, akarudi huku. Zile korosho nilizomfungia awaletee alirudi nazo zimefungwa vile vile. Tangu siku hiyo hamjasemezana. Yeye anasema, "Binti yangu ana nyumba, hana baba." Wewe unasema atakayeanza ni yeye. Mna ukaidi nyinyi wawili, na ninajua mmeurithi wapi, wala siombi radhi.

Niendelee. Mwezi uliopita Mzee Mwaringa, ndugu mdogo wa babu yako, alikuja na wazee wenzake. Wakasema Gona amekasirika huko aliko, ni muda mrefu hajakumbukwa, ndiye aliyemshika mwanawe koo. Tukaenda kwenye koma yake, kama hujasahau kile kigogo tulichomsimamishia babu yako asikae mbali na nyumba. Tembo la mnazi likamwagwa. Ikatakiwa tumbako, maana Gona alikuwa mtu wa tumbako. Lakini nani analima tumbako sasa? Wazee wakaanza kulitazama shavu langu. Nikawaambia hii si ya marehemu.

Basi baba yako akatoa ile pakiti ya shingo. Tangu aliponunua hakuwa amevuta hata moja. Akazimimina sigara zote kiganjani mwa Mwaringa, na Mwaringa akazipanga chini ya kigogo kama mtu anayepanda mihogo. Akaomba, "Gona, pokea hizi. Mwachie mtoto koo lake." Nami nimesimama nyuma yao nikawaza: tunamwomba baba kwa kitu kile kile kinachomuua mwanawe. Kicheko kikanitoka, Kabibi. Nilicheka kwa sauti mpaka nikashika ukuta wa zizi, na nilipofuta macho nikaona hakikuwa kicheko. Kesho yake mbuzi walikuwa wamezila zote. Easter amenuna mpaka leo kwa sababu ya koma, anasema tumemkaribisha shetani. Shetani akija hapa atatukuta tumechoka.

Pakiti tupu baba yako aliirudisha mfukoni. Havuti tena. Wewe ulitaka aache, mimi nilitaka aache, Easter alifunga na kuomba aache. Haya, ameacha. Tufurahi.

Juzi alikuwa amekaa nje, ameitoa tena ile pakiti anaitazama. Nikamnyang'anya. Nikavaa miwani. Nikasoma maneno yote, makubwa na madogo, kidole juu ya neno. Kisha nikamtazama yule mtu wa kwenye picha kwa makini, jinsi ninavyomtazama mbuzi kabla sijamnunua. Nikamwambia baba yako, "Menza, mtu huyu macho yake yako wazi. Yu hai. Alikatwa, akapona, ndiyo maana kamera ilimkuta. Aliyekataa kukatwa hana picha, ana kaburi."

Akaitazama tena. Nikadhani nimemshinda, nikaanza hata kufikiri nguo gani tutamfungia za hospitali. Kisha akaniashiria niinamishe kichwa, maana siku hizi sikio ndilo linaloufuata mdomo wake. Akasema, "Ni kweli, yu hai. Lakini tazama kando yake, mama. Hana mtu."

Nikatazama. Ni kweli. Ni yeye na tundu lake, na pembeni hakuna kitu.

Nikamwambia, "Mimi nipo."

Akasema, "Wewe ni mzee."

Watu wa hapa watakwambia sijawahi kukosa jibu. Nikamrudishia pakiti yake, nikaenda jikoni kupepeta mahindi ambayo tayari yalikuwa yamepepetwa.

Kabibi, sikudanganyi. Sijui kama ukija atakubali. Huenda akakutazama akageuka ukutani. Daktari mwenyewe hakuapa kwamba kisu kitamponya, alisema tu bila kisu hakuna njia. Mimi nimemzika mume, nimemzika mama yako ambaye alikuwa mkwe wa kuniziba macho nikifa, nikajua sasa zamu ni yangu, nikakaa nikingoja kwa adabu. Sasa huyu niliyemzaa anataka kunipita mbele. Na kwa nini? Kwa sababu ya picha. Kwa kijikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Sina maombi yaliyobaki. Kanisani leo walipoimba nilifungua mdomo tu.

Lakini jambo moja ninalijua na nakuandikia kwa herufi kubwa uone: AKIKUBALI, SAUTI INAKWENDA. AKIKATAA, ANAKWENDA YEYE NA SAUTI. Ile iliyokulaza kwa hadithi ya kaa imebaki ya kunong'ona, nayo ni kidogo, inaisha kama mafuta ya taa. Ulisema atakayeanza kusema ni yeye. Sasa hata akitaka kuanza, hutamsikia ukiwa Nakuru. Hata kwenye simu hasikiki tena, Peterson amejaribu. Lazima mtu aweke sikio hapa, karibu na ndevu zake.

Kwa hiyo usitume pesa. Usitume maombi kwenye simu ya Easter, ya Easter yanatosha. Njoo. Njoo na mtoto, nyumba hii haina moshi tena isipokuwa wa kuni. Ukiweza kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili akiwa wa kukubali mwende naye Mombasa pamoja, wewe upande mmoja na mimi upande mwingine. Usije kumwambia ulikuwa na haki, analijua. Wala usije na kilio, kilio tunacho. Kaa naye tu pale nje kwenye benchi, barabarani wapite watu wakuone umekaa.

Usipokuja sitakulaumu mbele za watu. Nitakulaumu mimi mwenyewe, kimya kimya, na wewe ni wajina wangu, unajua nikilaumu nalaumu sawasawa.

Barua hii anaileta Mutuku, yule dereva wa lori anayebeba maembe hapa kwetu. Atapumzika Mariakani, kisha ataendelea juu mpaka kwenu. Mpe chakula cha moto, na akikuuliza hali ya nyumbani mwambie umesoma. Nimemfungia korosho. Si zile za safari ile, zile mbuzi nao waliziona. Hizi ni mpya, nimezikaanga mwenyewe.

Peterson anakusalimu na anasema anakuelewa, mimi sijui anaelewa nini. Easter anakusalimu katika Bwana. Mzee Mwaringa anauliza kama Maina bado anakula samaki kwa uma. Nyokabi wa duka anakusalimu sana. Tangu siku ile ameliondoa benchi pale mlangoni, na anayetaka sigara anapewa pakiti aishike kwanza, aitazame, ndipo apewe moja. Wanamnung'unikia. Wengine wanakwenda duka la mbele. Msalimie mama mkwe wako, mwambie nina mbegu za mchicha wake, na mbusu Lynn penye kidevu.

Ndani ya barua utakuta ile picha. Nimeikata kwenye pakiti kwa mkasi wa Easter, baba yako akiwa amesinzia kwenye kiti. Akiamka ataitafuta mfukoni, nami nitasema sijui. Iweke mezani kwako umtazame huyo mtu. Kisha tazama pale pembeni yake, palipobaki wazi. Usiitupe. Uje nayo, umrudishie mwenyewe mkononi.

Mungu akufungulie njia na akulinde barabarani wewe na mtoto, na koma za nyumba hii zikutangulie, Easter asisikie.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza, na ninapokugombeza ndipo zaidi,

Hawe wako na wajina wako,
Kabibi wa Gona